Bakapu Isiyofunguka: Hatua za Kulitambua Faili Usilolijua

Msimu wa mvua ukishika nyanda za juu za Gusii, kutoka Nyansiongo hadi Ogembo, hakuna alasiri ya kuamini. Radi inapiga, stima inapotea, na ikirudi kompyuta ya ofisi haiwaki tena. Hapo ndipo bakapu hukumbukwa. Flashi inatolewa kwenye droo, inachomekwa kwenye laptopu ya kuazima, na ndani yake kuna faili moja lenye jina kama chama2019.qbb, au data.bak, au msgstore.db.crypt14. Ukilibofya mara mbili, Windows inauliza ilifungue kwa programu gani, na hapo ofisini hakuna anayejua.

Hatua hizi nimeziandika kwa ajili ya karani wa Sacco pale Keroka, katibu wa kwaya kule Kebirigo, na kijana wa saiba mjini Kisii anayeletewa flashi za watu kutwa nzima. Kabla ya kuanza, tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Kuna faili la kufungasha, kama zipu au RAR, ambalo kazi yake ni kukusanya mafaili mengi pamoja na kuyabana yachukue nafasi ndogo. Hilo linafunguliwa. Halafu kuna bakapu ya programu fulani, ambayo kwa kawaida haifunguliwi. Hurejeshwa ndani ya programu iliyoitengeneza. Watu hupoteza siku nzima wakitafuta mtandaoni dawa ya kufungulia kitu ambacho hakikuundwa kifunguliwe peke yake, na katika kutafuta huko ndiko wanakookota virusi.

Hatua ya 1: Nakili kwanza

Usifanye kazi juu ya flashi. Nakili faili kwenye kompyuta, kisha uchomoe flashi na kuiweka pembeni mpaka kazi iishe. Windows ikikuambia kwamba flashi lazima iformatiwe kabla ya kutumika, kataa. Kuformati ni kufuta, na huenda flashi hiyo hiyo ikasomeka vizuri kwenye mashine nyingine.

Linganisha ukubwa wa nakala na wa faili la asili: bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, soma idadi ya baiti. Faili la baiti 0 halina kitu, hata jina lake lipendeze vipi. Na ukiona faili limekomea karibu kabisa na GB 4, ishuku flashi yenyewe. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja la GB 4 au zaidi. Ukinakili kwa mkono, Windows itakataa na kukuambia. Lakini programu inayoandika bakapu moja kwa moja kwenye flashi inaweza kukwama hapo na kuacha kipande kinachofanana na kitu kizima.

Hatua ya 2: Uliza lilikotoka

Swali moja lina uzito kuliko mengine yote: lilitengenezwa na programu gani? Mpigie simu karani wa zamani, hata kama alihamia Nairobi. Muulize pia kompyuta ilikuwa na Windows ipi, na kama kulikuwa na nywila. Dakika tano za simu hiyo huokoa kazi ya wiki.

Asipopatikana, tazama majirani wa faili. Kwenye folda moja na chama2019.qbb ukikuta chama2019.qbw, umeshapata jibu: hiyo ni QuickBooks, QBW likiwa faili la hesabu lenyewe na QBB bakapu yake. Soma tarehe. Pekua faili la karatasi pia, kwa maana risiti na taarifa zilizochapishwa zamani mara nyingi huwa na jina la programu chini ya ukurasa.

Hatua ya 3: Lione jina lote

Windows huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho, na hapo ndipo utambulisho wa faili ulipo. Katika Windows 10, fungua folda yoyote, nenda kwenye View, weka alama kwenye File name extensions. Katika Windows 11 ni View, kisha Show, kisha File name extensions. Kompyuta za saiba zote zingepaswa kuwekwa hivi daima. Faili lililoonekana kama risiti.pdf sasa linaweza kujitokeza kuwa risiti.pdf.exe, yaani programu iliyovaa jina la waraka, na hilo hulifungui, unalifuta.

Mara nyingi herufi za mwisho zinatosha: zip, rar, 7z na tar ni mafaili ya kufungasha, vcf ni majina ya simu, sql ni hifadhidata iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida. Lakini bak haimaanishi chochote zaidi ya neno bakapu. Programu nyingi zisizohusiana hata kidogo hutumia herufi hizo hizo. Na mtu yeyote anaweza kubadilisha jina la faili, kwa kujua au kwa bahati mbaya, bila ndani kubadilika hata baiti moja. Kwa hiyo herufi za nje ni dokezo tu. Ushahidi uko ndani.

Hatua ya 4: Soma herufi za kwanza za ndani

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa kila fundi wa Kisii na Nyamira aijue kwa moyo. Karibu kila aina ya faili huanza na alama yake, iliyowekwa pale na programu yenyewe, na alama hiyo haibadiliki jina la nje likibadilishwa.

Fungua Notepad, kisha ulivute faili hilo na kulidondosha ndani yake. Utaona takataka za alama zisizosomeka. Usiogope, tazama mstari wa kwanza tu. Faili likiwa kubwa sana Notepad itakwama, hapo tumia HxD, programu ya bure inayoonyesha baiti moja moja bila kuhangaika na ukubwa. Ukimaliza kutazama, funga bila kuhifadhi. Narudia: usihifadhi. Notepad ikiandika upya faili ambalo si la maandishi, hulivuruga, na ndiyo sababu ya ile nakala ya hatua ya kwanza.

Ukiona PK mwanzoni kabisa, hiyo ni zipu. Herufi hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989, na zimebaki mwanzoni mwa mabilioni ya mafaili hadi leo. Lakini tazama kidogo mbele yake. Mafaili ya Word na Excel tangu Office 2007, yaani docx na xlsx, kwa undani wake ni zipu, nayo huanza na PK vilevile. Ukisoma Content_Types karibu na mwanzo, huo ni waraka wa Office uliopoteza herufi zake za mwisho, ongeza .docx au .xlsx kwenye nakala ujaribu. Ukiona AndroidManifest, hiyo ni programu ya simu, usiisakinishe kwa sababu tu imefunguka.

Ukiona Rar! yenye alama ya mshangao, ni RAR, kazi ya Mrusi Eugene Roshal. Ukiona 7z, ni faili la 7-Zip. %PDF ni PDF. SQLite format 3 ni hifadhidata ndogo inayotumiwa na programu nyingi za simu, nayo husomeka kwa programu ya bure iitwayo DB Browser for SQLite. BEGIN:VCARD ni orodha ya namba za simu. AC10 mwanzoni mwa faili la bak ni mchoro wa AutoCAD. Badilisha bak iwe dwg na mchoro wa nyumba utafunguka kama kawaida. TAPE mwanzoni mwa bak kwa kawaida ni hifadhidata ya SQL Server, tutaifikia.

Ukiona MZ, simama. Hiyo ni programu ya Windows. Kama faili lilikuja likijiita picha, ankara au orodha ya wanachama na ndani yake linaanza na MZ, mwenye kulituma, au virusi vilivyo kwenye mashine yake, vinakudanganya.

Na kama mwanzoni hakuna neno lolote linalosomeka, wala popote katikati, huenda faili limefichwa kwa nywila. Ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kufungua mafaili ya kufungasha

Programu moja inatosha: 7-Zip, ya Igor Pavlov, inayopatikana bure kwenye tovuti yake, 7-zip.org. Inafungua zip, rar, 7z, tar, gz, iso na nyingine nyingi. Sioni sababu ya kutafuta WinRAR iliyovunjwa kufuli inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi. Hizo ndizo zinazobeba virusi mjini. Windows 11 iliyopata masasisho ya tangu mwisho wa 2023 hufungua rar na 7z yenyewe. Kwenye simu ya Android, ZArchiver hufanya kazi nzuri, na kwa zipu za kawaida Files by Google inatosha.

Bofya kitufe cha kulia juu ya faili, chagua 7-Zip, kisha Extract to. Toa vyote kwenye folda kwanza, ndipo ufungue kilichomo. Watu hufungua Excel ikiwa bado ndani ya zipu, wanajaza saa mbili, wanahifadhi, na kesho hawaoni kazi yao, kwa sababu waliyokuwa wakijaza ilikuwa nakala ya muda iliyofutwa kimyakimya.

Kosa hilo huumiza zaidi Juni, tarehe 30 inapokaribia na kila mtu anakimbizana na ritani za KRA. Anayetumia fomu ya Excel huipakua kutoka iTax ikiwa zipu. Hiyo lazima itolewe kwenye folda, ifunguliwe, makro ziruhusiwe, ijazwe. Ukibofya Validate mwishoni na kila kitu kikawa sawa, fomu yenyewe hutengeneza zipu nyingine. Hiyo ya pili ndiyo unayoipakia iTax, na hiyo huifungui: unaipeleka kama ilivyo. Basi katika kazi moja kuna zipu ya kufunguliwa na zipu ya kuachwa ilivyo, na mteja aliyeketi kando yako hajui tofauti. Mwambie, kwa upole, ili mwakani ajifanyie.

Kuna mafaili yaliyokatwa vipande. Tuseme studio imerekodi video ya kwaya ya Waadventista, na kwa kuwa ni kubwa wakaibana na kuigawa: kwaya.part1.rar, kwaya.part2.rar, hadi kwaya.part5.rar. Katibu analeta flashi akisema haifunguki. Panga vipande kwa majina na uhesabu. Cha tatu hakipo. Hakuna ujanja hapo. Video haitatoka nzima mpaka studio itume kipande cha tatu. Vikiwepo vyote, viweke kwenye folda moja, usibadilishe majina, fungua cha kwanza tu na vingine vitafuata vyenyewe. Mafaili yanayoishia kwa .001 na .002 ni hivyo hivyo. Ila zipu iliyogawanywa kuwa z01, z02 na moja ya zip, hiyo unafungua ile yenye zip.

Tatizo jingine la kila siku ni bando kuisha upakuaji ukiwa katikati. Zipu huhifadhi orodha ya vilivyomo mwishoni mwa faili, si mwanzoni. Kwa hiyo zipu iliyokatika, hata ikifika asilimia 95, huonekana imeharibika yote, na 7-Zip husema Unexpected end of data. Usihangaike kuitengeneza kama aliyeituma yupo. Pakua upya. Ukitaka uhakika kwamba imefika salama, wewe na mtumaji kila mmoja abofye faili kwa kitufe cha kulia, achague CRC SHA, kisha SHA-256, msomeane herufi za mwanzo na za mwisho kwenye simu. Zikifanana, mnalo faili moja.

Hatua ya 6: Kurejesha bakapu kwa programu yake

QuickBooks kwanza, maana vyama vingi vimeitumia. Faili la QBB halibofywi. Fungua QuickBooks, nenda File, kisha Open or Restore Company, chagua kurejesha bakapu, ielekeze kwenye nakala yako. Itahitaji toleo sawa na lile la zamani au jipya zaidi, na nywila ya msimamizi. Angalia hili: toleo jipya hulipandisha daraja faili la hesabu, na baada ya hapo toleo la zamani haliwezi kulisoma tena. Kama ofisi ya Nyamira ina toleo la zamani na ya Kisii ina jipya, rejesheni kwanza kwenye la zamani.

Bakapu ya SQL Server, ile iliyoanza na TAPE, hutoka kwenye mifumo ya maduka ya dawa, hospitali ndogo, shule na maduka ya jumla. Pakua SQL Server Express, ambayo ni ya bure, pamoja na SQL Server Management Studio, kisha utumie Restore Database. Express za hadi toleo la 2022 hubeba hifadhidata isiyozidi GB 10, na ya 2025 hubeba hadi GB 50; duka la kawaida halifiki huko. Bakapu ya toleo jipya haiingii kwenye toleo la zamani, kwa hiyo sakinisha jipya moja kwa moja. Utaona majedwali ya data, si mfumo wenye vitufe mliouzoea. Lakini majina, madeni na tarehe zote zitakuwepo, na zinaweza kuhamishiwa Excel.

WhatsApp ndiyo inayoletwa saiba kuliko zote, na mara nyingi mletaji ana majonzi, kwa sababu simu imeibwa au mwenyewe amefariki. Faili la msgstore.db.crypt14 limefichwa, na ufunguo wake haumo ndani yake. Linarejeshwa kwa WhatsApp tu, kwa namba ile ile: weka laini kwenye simu, nakili folda ya Databases mahali pake chini ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, kisha sakinisha WhatsApp, thibitisha namba, na ukubali Restore. Ukitaka bakapu ya siku ya nyuma, chukua faili lenye tarehe hiyo, ulibadilishe jina liwe msgstore.db.crypt14, bila kugusa hiyo namba ya mwisho. Simu hubakiza za siku zisizozidi 7. Aliyewasha bakapu ya siri iliyoanza kutolewa 2021 atahitaji pia nywila yake au ufunguo wa tarakimu 64, na bila hivyo hata WhatsApp wenyewe hawawezi kumsaidia.

Lakini usimwache mtu aondoke hivyo. Picha, video na sauti hazimo kwenye faili hilo. Zimo kwenye folda ya Media, wazi kabisa, bila nywila yoyote. Kama kadi ya kumbukumbu au nakala ya simu ipo, fungua Media, kisha WhatsApp Images na WhatsApp Voice Notes. Mama aliyekuja kutafuta jumbe za mwanawe anaweza kuondoka na sauti yake.

Simu za Nokia za zamani ziliacha mafaili ya nbf na nbu. La nbf mara nyingi huanza na PK: lifungue kwa 7-Zip na utakuta majina na jumbe ndani. La nbu linahitaji NbuExplorer, programu ndogo ya bure.

Hatua ya 7: Nywila, na mafaili yaliyotekwa

Zipu yenye nywila kwa kawaida huonyesha majina ya vilivyomo, ila hukataa kuvitoa. Keti na mwenye faili mjaribu nywila alizokuwa akitumia mwaka huo. Ikishindikana, sema ukweli. Faili lililofungwa kwa AES-256 na nywila nzuri halivunjwi na fundi wa Kisii wala wa Nairobi, na anayedai malipo kwanza ili alivunje anakula pesa za watu.

Kama mafaili yote ya kompyuta yamepata herufi za mwisho za ajabu zinazofanana, na kuna waraka unaodai malipo, mashine imetekwa. Chomoa mtandao na flashi zote. Usilipe. Ingia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, ambao hutoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Hapa Kenya, ripoti hupokelewa na KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Na zile tovuti zinazosema pakia faili lako tulifungue, ziepuke kwa chochote chenye majina ya watu. Sajili ya Sacco ina namba za vitambulisho, simu na mikopo ya majirani zako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamdai anayeishika ailinde, na jirani pia anakudai.

Hatua ya 8: Litoe kwenye umbo la kusomeka

Mara tu data inapoonekana, usiache kazi hapo. Hamisha orodha kwenda CSV au Excel, taarifa kwenda PDF, namba za simu kwenda vcf. Hayo yatasomeka hata programu ya asili ikipotea sokoni. Weka bakapu ya zamani pamoja nayo, usiifute.

Kisha andika waraka mfupi wa maandishi, uuite SOMA.txt, uwe kwenye folda hiyo hiyo: programu gani na toleo lake, tarehe ya bakapu, nani alikuwa na nywila, na namna ilivyorejeshwa. Nywila yenyewe usiiandike humo; mwekahazina na katibu waishike kwa karatasi, kila mmoja kwake. Flashi moja ibaki ofisini, nyingine ikae mji mwingine. Na kabla ya mkutano mkuu unaofuata, rejesha bakapu mpya kwenye laptopu isiyo ya ofisi, uchukue kitabu cha wanachama cha karatasi, uchague majina matatu, ulinganishe salio la kila mmoja.